Makabati ya Jikoni Yamechakaa: Upake Rangi au Uyang'oe?

Anza na kabati la chini ya sinki. Toa ndoo, sabuni, matambara na ule mfuko uliojaa mifuko mingine. Washa tochi, kisha bonyeza ubao wa chini kwa ncha ya bisibisi, hasa kona ya nyuma ambako bomba linaingia ukutani. Bisibisi ikigonga na kukataa, huenda jiko lako linahitaji rangi tu. Ikizama kama kidole kwenye mkate uliolowa, usinunue rangi bado.

Wengi huanzia upande wa pili. Mtu anachoshwa na kahawia ya miaka yote hiyo, anaona mahali picha ya jiko jeupe, na siku tatu baadaye yuko dukani anachagua kati ya nyeupe za aina kumi na mbili. Nami nilianzia huko. Nilipaka milango 14 kwa wikendi tatu, ikapendeza kweli, wageni wakasifu. Mwezi wa nne mlango wa kabati la sufuria ukanibaki mkononi. Bawaba ilikuwa imeng'oka na kipande cha ubao. Rangi yenyewe haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ila rangi haishiki skrubu, na mimi nilikuwa nimepamba ubao uliokwisha kuoza kwa ndani.

Ndiyo maana hapa tunakagua boksi kwanza, yaani mwili wa kabati bila milango yake, kisha milango, na rangi inakuja mwisho. Tenga nusu siku. Andaa bisibisi, tochi, futi ya kupimia, pimamaji, uzi, wembe na tepu ya karatasi.

Hatua ya 1: Tenga kero za macho na kero za mikono

Bandika karatasi jikoni kwa wiki moja, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika yanayokukera ukiwa umesimama mlangoni unatazama: rangi imefubaa, vishikio ni vya zamani, milango ina nakshi ambazo hakuna anayezitaka tena. Upande wa pili andika yanayokukera ukiwa kazini: droo inakwama, mlango wa kabati unagongana na wa friji, hakuna pa kutua sufuria ya moto, mgongo unauma baada ya kukatakata, kivuli chako mwenyewe kinaangukia ubao wa kukatia.

Wiki ikiisha, jiulize: nikiamka kesho nikute kila kitu kimepakwa rangi niipendayo lakini kimekaa palepale, ni kipi bado kitanikera?

Majibu ya upande wa macho yanatibika kwa rangi na vishikio vipya. Ya upande wa mikono yachambue vizuri, kwa sababu si yote yanayodai jiko jipya. Droo inayokwama mara nyingi inataka reli mpya tu. Giza kwenye kaunta linataka taa chini ya makabati ya juu. Kilichobaki baada ya hapo ni mpangilio, na mpangilio mbaya haupakiki rangi.

Mpangilio unapimika. Kuna kipimo cha pembetatu ya kazi, kilichotokana na kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940: pima kutoka sinki hadi jiko la kupikia, kutoka hapo hadi kwenye friji, kisha kurudi kwenye sinki. Kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi mita 8 hivi. Pima pia njia kati ya makabati yanayotazamana. Mpishi mmoja anahitaji kama sentimita 105, wawili wanahitaji 120. Halafu kimo cha kaunta: wengi hutengeneza sentimita 90, lakini kinachokufaa wewe ni kama sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chako ukiwa umesimama wima.

Udogo wa jiko peke yake usikutishe. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za Frankfurt lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, na maelfu ya majiko ya aina hiyo yakajengwa. Kila kitu kilipangwa kwa kuhesabu hatua za mpishi. Nimewahi kupika kwenye jiko kubwa mara mbili ya hilo ambalo kuchemsha maji tu ni safari.

Kama pembetatu yako imevurugika na njia ni finyu, na hilo ndilo linalokukera kila siku, usijidanganye na kopo la rangi. Ruka hadi hatua ya 4 ukapige hesabu ya kubomoa.

Hatua ya 2: Kagua maboksi

Hii ndiyo hatua yenye uamuzi, ichukue polepole.

Kwanza jua boksi limetengenezwa kwa nini. Fungua bawaba moja. Kwa makabati mengi ya kisasa utakuta tundu la duara la milimita 35 nyuma ya mlango, na ukingo wa tundu hilo hausemi uongo. Ukiona punje za mbao zilizogandamana, ni chipubodi. Ukiona unga laini wa kahawia usio na punje, ni MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa. Tabaka zilizolaliana ni plaiwudi, na nyuzi ndefu zinazoendelea hadi ndani ni mbao halisi. Kisha tafuta ukingo au tundu kwenye boksi lenyewe ufanye vivyo hivyo, kwa sababu mlango wa mbao safi kufungwa kwenye boksi la chipubodi ni jambo la kawaida kabisa.

Chipubodi si ubao mbaya mradi uwe mkavu. Shida yake ni maji. Zile punje zimegandamizwa kwa gundi, joto na shinikizo. Zikilowa zinavimba, gundi inaachia, na ubao ukikauka haurudi ulivyokuwa. Pima unene wa ubao wa pembeni mahali pakavu, mara nyingi utakuta milimita 16 au 18, kisha pima ubao uleule karibu na sakafu. Ukipata 18 juu na 21 chini, huo umeshakunywa. Hakuna puti ya kuziba wala praima, ile rangi ya msingi, ya kuurudisha.

Baada ya hapo zunguka jiko lote:

- Pima boksi kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pima kinyume chake. Vipimo vikilingana, boksi limesimama sawa. Tofauti ya milimita chache isikusumbue, ila ya sentimita nzima ina maana boksi limepinda na milango haitakaa sawa hata iwe mipya.
- Nyoosha uzi chini ya kila rafu. Rafu iliyobonyea katikati unaweza kuigeuza juu chini ikakusaidia miaka mingine, au ukabadilisha hiyo moja.
- Makabati ya juu yaangalie kwa ubavu, pale yanapogusana na ukuta. Pakiwa na mwanya uliopanuka juu kuliko chini, kabati linaachia ukuta. Litoe vyombo leo hii, kabla ya kuendelea kusoma.
- Jaribu kila skrubu ya bawaba. Inayozunguka bila kukaza imekula tundu lake. Zikiwa chache, jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyochovywa gundi ya mbao, acha zikauke usiku mzima, ukaze upya. Zikiwa kila mlango, ubao umechoka.
- Angalia unga mwembamba kwenye pembe za chini na sikiliza ubao ukiugonga. Unga na mlio wa uwazi ni dalili za wadudu.
- Nusa. Harufu ya ukungu isiyoisha baada ya kusafisha na kupitisha hewa inatoka nyuma ya kabati, na pengine kuna bomba linalovuja ambalo lazima litibiwe vyovyote utakavyoamua.

Andika alama kwa kila boksi: zima, linatibika, limekufa. Kipimo changu ni hiki, nacho ni cha uzoefu tu: boksi moja au mawili yakifa kati ya kumi, badilisha hayo na upake mengine. Kabati la sinki karibu kila mara ndilo linalotangulia, na seremala anaweza kulitengeneza peke yake kwa vipimo vilevile. Yakifika theluthi, acha kupoteza nguvu kwenye rangi.

Fanya ukaguzi huu mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Kuna mmoja alikuja kwangu kupima, akasimama katikati ya jiko mikono mfukoni, hakufungua mlango hata mmoja, akasema yote ni ya kutupa. Maboksi saba kati ya tisa yalikuwa plaiwudi nzima kabisa. Fundi asiyefungua kabati hajakagua jiko, amekadiria mfuko wako.

Hatua ya 3: Milango itakubali rangi?

Maboksi yakishapona, uliza milango. Mbao halisi, vinia (ngozi nyembamba ya mbao) iliyoshikana vizuri na MDF iliyokwisha kupakwa rangi hupokea vizuri. Mwaloni na msonobari zina tabia ya kutoa madoa ya njano au kahawia yanayopenya hadi juu ya rangi nyeupe, kwa hiyo zinahitaji praima ya kuzuia madoa. Ile ya shelaki, utomvu wa wadudu, ndiyo inayoaminika zaidi.

Fomaika na melamini, zile nyuso ngumu za plastiki zinazobandikwa juu ya ubao, zinahitaji uvumilivu. Jina la Formica lenyewe limetokana na mika: mwaka 1912 wahandisi Herbert Faber na Daniel O'Conor walitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya madini hayo katika kukinga umeme. Kilichopatikana kilikuwa kigumu na laini, na baadaye kikapendwa jikoni kwa sababu uchafu haukishiki. Sasa wewe unataka rangi ikishike. Inawezekana, ila kwa msasa mzuri na praima iliyotengenezwa kushika nyuso laini. Asiyetaka kununua praima hiyo aache kabisa.

Milango iliyovikwa ngozi ya plastiki ni suala jingine. Kama ngozi imeanza kubanduka kwenye kona, kuipaka rangi ni kupaka kitu kinachoondoka. Ipashe moto kwa kikausha nywele, ivute taratibu yote, kisha kagua MDF iliyo chini. Ikiwa haijavimba, hiyo ndiyo utakayoipaka.

Onyo la lazima: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978, na sehemu nyingine zilichelewa zaidi. Kama jiko lako ni la enzi hizo au hujui umri wake, usipige msasa mkavu kabla rangi haijapimwa. Vumbi lake ni hatari, kwa watoto zaidi. Vivyo hivyo usivunje vigae vya zamani vya plastiki vya sakafuni bila kupima, kwani baadhi vina asbesto.

Sasa fanya jaribio. Chukua mlango usioonekana sana, upake nyuma yake kwa utaratibu wote: kuosha, msasa, praima, rangi mara mbili. Subiri siku saba. Kisha chora kwa wembe mistari sita ya kwenda na sita ya kukatiza, upate vyumba vidogo vya milimita mbili hivi. Bandika tepu juu, isugue kwa kidole, ivute kwa mkupuo. Vyumba vikibaki, endelea. Vikija na tepu, basi uoshaji, msasa au praima yako ina kasoro, na umegundua hilo kwa mlango mmoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu tatu, siyo mbili

Watu hulinganisha rangi na jiko jipya, wakasahau njia ya katikati: kubakiza maboksi na kubadilisha milango na nyuso za droo. Maboksi yakiwa mazima na milango ikiwa imekufa, au ina nakshi zisizofutika kwa rangi, hii mara nyingi ndiyo njia bora kuliko zote.

Kwa kila njia andika gharama yote, kisha igawe kwa miaka unayotarajia kukaa nayo. Kama unahama baada ya miaka miwili, jiko jipya linagawanywa kwa mbili, siyo kwa ishirini. Na usiwe mwongo kwenye orodha. Kubomoa hakuishii kwenye bei ya makabati. Kuna kubeba taka, fundi bomba, fundi umeme, ukuta uliochanika, vigae vya ukutani vilivyokatwa kufuata kabati la zamani, na sakafu ambayo mara nyingi haikuwekwa vigae chini ya makabati. Ukisogeza kabati sentimita thelathini, saruji tupu inakuchungulia. Juu yake kuna wiki kadhaa za kupika barazani.

Rangi nayo ina gharama iliyojificha, ambayo ni wewe. Milango 20 ina pande 40, na kila upande unaguswa mara nne: msasa, praima, rangi ya kwanza, rangi ya pili. Hiyo ni mara 160 za kuinamia mlango, bado maboksi na droo. Kama huna wikendi hizo, weka malipo ya fundi kwenye hesabu.

Jambo jingine ni mfuatano. Ukijua kaunta utaibadilisha mwaka ujao, usipake leo. Kung'oa kaunta hukwaruza makabati na kupasua vigae. Fanya kaunta na sinki kwanza.

Hatua ya 5: Amua

Paka rangi kama maboksi ni mazima, mlango wa jaribio umefaulu na kero zako nyingi ni za macho. Badilisha milango tu kama maboksi ni mazima lakini milango imevimba, imepinda au imeshindwa jaribio. Ng'oa kama theluthi ya maboksi imekufa, au kama mpangilio ndio unaokuumiza kila siku na una pesa ya kuugusa. Ukiwa njia panda kabisa, chagua iliyo nafuu zaidi: aliyepaka rangi akakosea bado anaweza kung'oa, ila aliyeng'oa hana pa kurudi.

Ukiamua kupaka

Ng'oa milango yote na uipe namba. Iandike ndani ya lile tundu la bawaba, ufunike kwa kipande cha tepu. Hapo rangi haifiki na bawaba itaficha. Mimi niliandika kwenye karatasi za kubandika, zikapeperuka zote, na mchana mzima ukaishia kubahatisha mlango upi ni wa wapi.

Osha kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, mara mbili, hasa kuzunguka vishikio na karibu na jiko la kupikia. Suuza, acha zikauke. Mafuta ya vidole ndiyo yanayobandua rangi kuliko kitu kingine, na msasa ukipita juu yake unayasukumia ndani tu. Silikoni ya zamani ikwangue yote, kwani rangi haikai juu yake.

Kama vishikio vipya havilingani na matundu ya zamani, yazibe kwa puti sasa. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine kabla ya kununua. Vipimo vya kawaida ni milimita 96, 128 na 160, na ukipata vinavyolingana umeokoa kazi.

Msasa namba 120 kwa nyuso zilizoharibika, 180 hadi 220 kwa kumalizia. Lengo ni kuondoa mng'ao, si kufika kwenye mbao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Praima moja, msasa mwembamba wa 320, kisha rangi mbili nyembamba kwa rola ndogo ya sponji, pembe na nakshi kwa brashi. Tumia rangi ya mbao na makabati. Ya ukutani haina ugumu wa kustahimili mikono.

Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Rangi ikikauka haijakomaa. Unaweza kuigusa baada ya saa chache, lakini ugumu wake kamili huchukua wiki mbili hadi nne. Ukirudisha milango mapema, fungua na kufunga kwa upole, usiifute kwa sabuni kali, na bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe ili mlango usigande kwenye boksi.

Ukiamua kung'oa

Usibomoe chochote kabla makabati mapya hayajafika na hujayahesabu, bawaba na miguu yake pamoja. Vipimo vichukuliwe mara mbili kwa siku tofauti, juu, katikati na chini ya kila ukuta, kwa sababu kuta hazinyooki kama tunavyodhani. Andika kilicho kidogo. Makabati ya zamani yaliyo mazima usiyatupe, kuna mtu anayahitaji stoo au karakana.

Ukuta ukiwa wazi, kabla hujafunga kabati la kwanza, panga futi ya kupimia kando ya kila bomba na kila waya na upige picha, umbali kutoka kona na kutoka sakafuni ukionekana. Zihifadhi mahali utakapozipata. Siku fundi atakapokuja kutoboa ukuta kufunga rafu moja ya nyongeza, mwonyeshe kabla hajawasha drili.